Nina miaka 40 na elimu ya darasa la saba, bado nataka kuwa muuguzi mkunga: naomba mnikosoe hesabu zangu

FundiWaKihonda (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke aya ya mwisho, swali langu liko huko.

Tangu nikiwa darasa la nne nimetaka kuwa muuguzi mkunga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi upande wa Kilosa. Watu walikuwa wanamgongea usiku, anajifunga kanga kiunoni, anatoka. Watoto wengi walipita mikononi mwake salama. Wapo pia kina mama ambao damu ilimshinda kuizuia, na mwenyewe alikuwa anasema waziwazi kwamba aliyesomea angeweza kuwaokoa. Ndiyo maana sikutaka kuirithi kazi yake vile vile alivyoifanya. Nilitaka kuifanya nikiwa nimefundishwa.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1999. Nilifaulu, ila sikuchaguliwa. Rika langu wanaelewa maana yake: nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, shule za kata zilikuja kujengwa kwa wingi baadaye na MMES, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004, na sekondari ya binafsi ilitaka ada ambayo baba hakuwa nayo. Ada ya sekondari za serikali ilikuja kufutwa 2016, mimi nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Naeleza haya kwa sababu wapo wanaoamini kila aliyeishia la saba alifeli. Wengi wetu tulifaulu, madawati ndiyo hayakutosha.

Tangu hapo nimeshona. Nina kibanda cha cherehani hapa Kihonda, Morogoro, nashona sare za shule na magauni ya sherehe, mtoto wangu mkubwa yuko kidato cha tatu. Riziki ipo, namshukuru Mungu. Sikimbii njaa na sitafuti cheti cha kutundika ukutani. Nataka kuwa ndani ya chumba cha kujifungulia, nimevaa sare, najua ninachokifanya.

Hesabu yangu ni hii. Januari naanza kituo cha masomo ya jioni kwa ajili ya QT, mtihani ambao ndio mlango wetu sisi tusiopita sekondari. Novemba nafanya mtihani. Nikifaulu, mwaka unaofuata nafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na 41. Matokeo yakitoka naomba chuo, naingia na 42. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, namaliza na 45. Sifa ya kuingia ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kuanzia D, na humo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia.

Swali: kuna kitu sijakiona? Aliyepita njia hii, anayefundisha, aliye kazini, naomba aniambie ukweli wote. Maombi yenu nayapokea kwa moyo mmoja, lakini leo nahitaji taarifa.


MkweliDaima

Dada, nakuambia kama ambavyo ningemwambia dada yangu wa tumbo moja. Ambacho hujakiona ni tangazo la ajira. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, sharti la mwanzo kabisa linasema mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Wewe unamaliza na 45, na hapo umehesabu kwamba hutarudia somo, hutakosa chuo, hutaugua wala kuuguza. Ukitoka chuo kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nao una ratiba yake. Mlango wa serikali unakufungia puani.

Mkopo nao usiuweke kwenye bajeti kabla hujasoma mwongozo wa mwaka husika, maana miongozo imewahi kuweka ukomo wa miaka 35.

Una mtoto kidato cha tatu. Hela hiyo hiyo ukimwekeza yeye, akiwa na 22 au 23 ni muuguzi kamili, ana miaka karibu arobaini ya kazi mbele yake. Nisamehe kama nimekuumiza.


FundiWaKihonda

Hujaniumiza kaka, ahsante. Hilo la 45 nilikuwa silijui. Nalifikiria.

Kuhusu mwanangu: yeye anapenda mambo ya umeme, anataka VETA au chuo cha ufundi. Sitaki abebe ndoto yangu wakati ana ya kwake. Ada yake ipo palepale, siigusi.


MtotoWaKisauni

Salamu kutoka Mombasa. Dada, usikubali kuambiwa umechelewa. Sisi Kenya tulikuwa na Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, mwaka uliofuata, Januari 2004, yeye alijipeleka Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo huko Eldoret, amevaa soksi ndefu na kaptura ya shule, akiwa na miaka 84. Alikuwa amepigana Mau Mau. Akaingia darasa la kwanza pamoja na watoto wa umri wa vitukuu vyake. Guinness wakamwandika kuwa mtu mzee zaidi duniani kuanza shule ya msingi. Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka mwisho wa 2007, mzee alihamishwa, akaishi kwenye hema la wakimbizi wa ndani. Na kutoka kwenye hilo hema aliendelea kwenda shule. Baadaye akahamia Nairobi, nako akajiandikisha shule nyingine. Alifariki Agosti 2009. Mtu alisomea kambini, ana miaka zaidi ya themanini. Wewe una arobaini na cherehani yako.


MkweliDaima

Kisauni, Mzee Maruge namheshimu sana. Lakini yeye alitaka kujua kusoma ili ajisomee Biblia mwenyewe na asidanganywe kwenye mambo yake. Alichokitafuta alikipata siku aliyosoma ukurasa wa kwanza. Dada huyu anatafuta taaluma ambayo ina baraza, leseni na umri wa kuajiriwa. Tusimpe mfano ambao haumfikishi.


MtotoWaKisauni

Nakubali, sababu yako ya kuukataa mfano wangu ina uzito. Basi chukua mwingine ulio karibu naye zaidi. Priscilla Sitienei, ambaye watu walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, kutoka Ndalat, kaunti ya Nandi. Alikuwa mkunga wa kijiji kwa zaidi ya miaka sitini. Akaingia shule ya msingi akiwa ameshakaribia miaka tisini, na baadhi ya wanafunzi wenzake darasani ni watoto aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Moja ya sababu zake ilikuwa kuyaandika maarifa yake ya ukunga na dawa za miti ili yasiende naye kaburini. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Mkunga aliyetaka elimu ya maandishi. Nilipoona habari ya bibi wa Kilosa nikamkumbuka huyu mara moja.


ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi mkunga, niko wodi ya wazazi, kituo nisikitaje. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye gari kurudi nyumbani, nikaona nisilale kabla sijajibu.

Kwanza hilo la 45. Mkweli yuko sahihi, ni sharti la ajira mpya serikalini. Lakini wauguzi hawaajiriwi na serikali peke yake. Hospitali za mashirika ya dini ziko nchi nzima, nyingine ndizo hospitali teule za wilaya, na zinaajiri kwa mikataba yao. Zipo za binafsi, zipo kliniki za mama na mtoto. Kwa hiyo mlango unaofungwa na umri ni mmoja. Ni mkubwa, una pensheni na uhakika wa kazi, sitaki kukudanganya kwamba ni hasara ndogo. Ila haufungi taaluma. Leseni ya Baraza haiulizi umezaliwa lini, inauliza umefaulu?

Pili, masomo haya yamepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 4 na ya 5 ni miaka miwili, unapata astashahada. Ngazi ya 6 ndiyo stashahada, mwaka wa tatu. Wapo waliotoka na astashahada, wakasajiliwa, wakaanza kazi, halafu wakarudi kumalizia. Uliza chuo unachokitaka kabla ya kulipa chochote kama wanaruhusu utaratibu huo. Ukitoka na astashahada utakuwa na 44. Umepata mwaka mmoja wa kujaribu mlango wa serikali. Ni mwembamba, lakini upo.

Tatu, na hili ndilo lililonikosesha usingizi: damu iliyomshinda bibi yako. Leo mtoto akishatoka tu, ndani ya dakika moja mama anachomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, kwenye msuli. Kondo linatolewa kwa utaratibu, tunakanda tumbo kuhakikisha mfuko wa uzazi umejikaza, tunapima damu iliyotoka badala ya kuikadiria kwa macho. Dawa yenyewe inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ikipata joto inapoteza nguvu, na mkunga mzembe anaweza kuchoma maji akidhani amechoma dawa. Mama mwenye kifafa cha mimba ana dawa yake, salfeti ya magnesi. Uchungu unaandikwa kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, saa kwa saa, ili ujue mapema kama mtoto anashuka au amekwama. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha tulikuwa tunapoteza kina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Vifaa vimechangia, barabara zimechangia, damu salama imechangia. Na watu waliosomea wakasimama pale kitandani usiku wamechangia sana.

Kwa hiyo unachokitaka kipo, ni kazi halisi, na bibi yako alikuwa anasema kweli.

Sasa ugumu. Utasimama saa nyingi. Zamu ya usiku ukiwa na 46 mwili unaikumbuka siku tatu. Mafunzo ya vitendo wodini utaongozwa na mabinti wa miaka 25, na inabidi uwaitikie 'ndiyo sista' bila kinyongo. Wapo wanachuo watu wazima waliotushinda wote kwa utulivu, hasa mama anapopiga kelele na kugoma kusukuma. Wapo pia walioacha muhula wa pili kwa sababu nyumbani hakuna aliyewashika mkono. Maksi hazikuwaangusha. Waliangushwa na nyumbani.


DerevaWaScania

Hilo la mwisho la Sista ndilo lenyewe. Mimi naendesha malori ya Tunduma, ndoto yangu ni sheria. Nasoma Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994. Nimeanzia chini kabisa na cheti. Nasoma kwenye foleni ya mpakani, simu mkononi, daftari juu ya usukani. Kilichonifikisha hapa ni mke wangu kuniambia 'soma, mimi nitazungumza na wageni.' Dada, mzee wa nyumbani anasemaje? Hujamtaja popote.


FundiWaKihonda

Kaka Dereva umeuliza kitu nilichokiacha makusudi. Hajakataa. Alisema 'fanya unavyoona', na sote tunajua kauli hiyo ina maana nyingi. Nimeipokea kama ruhusa. Wasiwasi wake ni kwamba nikimaliza nitapangiwa mbali, na kwamba watu watamsema.

Sista, sehemu ya oksitosini nimeisoma nimekaa chini. Bibi alikuwa anakanda tumbo pia. Hakuwa na sindano. Ahsante sana mama, Mungu akuongezee.


BabaJunior_Iringa

Naomba niongee na huyo shemeji kupitia wewe, maana nilikuwa kwenye nafasi yake. Mke wangu alirudi shule tukiwa na watoto watatu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasema namuunga mkono, huku kila jioni akitoka naudhika. Chakula kinachelewa, mtoto analia, mimi nimekaa nasubiri nihudumiwe. Ugomvi wetu wote ulianzia saa kumi na mbili jioni.

Kilichobadilisha ni kugawana kazi kwa kuziandika. Jumatatu hadi Alhamisi, siku zake za kituo, jioni ni yangu: kupika, kuogesha, madaftari ya watoto. Ijumaa na wikiendi tunashirikiana. Majirani walisema, ndiyo, miezi michache, kisha wakapata habari nyingine za kusema. Leo ni mwalimu wa awali. Usianze Januari kabla hamjakaa wawili na kuandika nani anafanya nini siku gani. 'Fanya unavyoona' haikupikii.


TicharaWaMoli

Nafundisha Kemia sekondari mchana, jioni nafundisha kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Naomba nizungumzie darasa lenyewe, kwa sababu naona wengi mmeruka moja kwa moja hadi ajira.

Dada, kikwazo chako cha kwanza hakitakuwa Kemia. Kitakuwa Kiingereza. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari, ukiacha somo la Kiswahili, ni kwa Kiingereza, na mtihani vivyo hivyo. Kila mwaka napata watu wazima wenye akili kali, ukiwaeleza kwa Kiswahili jinsi moyo unavyosukuma damu wanakuelewa kuliko vijana, kisha kwenye karatasi wanapata F kwa sababu hawakuelewa swali linataka nini. Kwa hiyo usisubiri Januari. Anza leo na msamiati wa Baiolojia. TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia yenye Kiswahili na Kiingereza, ni ya zamani ila ukiipata maktaba au kwa wauza vitabu vya mitumba itakubeba sana. Jifunze maneno ya maswali: eleza, taja, tofautisha, toa sababu, kokotoa. Maneno hayo ni machache na ndiyo yanayobeba karatasi nzima. Mwanao wa kidato cha tatu akuulize maswali jioni, nusu saa tu. Naye atakuwa anajisomea bila kujua.

Pili, elewa unachokitafuta. D inaanzia alama 30, C ni 45. Sikwambii ulenge 30, kwa sababu anayelenga 30 anapata 22, na vyuo vya afya vina ushindani, mwenye C atapita mbele yako. Lakini ujue kwamba Fizikia haikudai uwe mwanasayansi. Chukua mada zinazoshikika: vipimo, msongamano, kanuni ya kuelea, joto, umeme rahisi, lenzi. Zielewe hadi ziishe. Mada ngumu uzipitie baadaye. Mtu wa muda mdogo akijaribu kumeza silabasi yote kwa usawa anatoka mikono mitupu.

Kwenye Kemia mada ya moli, yaani hesabu za kiasi cha kemikali, ndiyo inayowafukuza watu darasani. Wanaiacha, halafu kila kitu kinachofuata kinakuwa giza, kuanzia milinganyo hadi ile kazi ya bureti na pipeti, vifaa vya kupimia vimiminika maabara. Nimefundisha mafundi wengi, wa cherehani na wa seremala, na huwa wanaiweza moli haraka kuliko wanavyotegemea, kwa sababu wanapiga hesabu za uwiano kila siku. Gauni la mtu mmoja linakula kitambaa kiasi gani, la watu sita je? Mtu anayejibu swali hilo kichwani ana nusu ya moli tayari. Usiikimbie, uliza hadi uchoke.

Tatu, na hapa watu wanaibiwa: vituo. Kuna vituo vya jioni ambavyo ni chumba, ubao na mwalimu mmoja anayefundisha masomo saba. Kwa masomo ya sanaa unaweza kuponea hapo. Kwa sayansi haiwezekani. Kabla hujalipa, omba kuonyeshwa maabara. Usikubali picha, nenda uione. Uliza wanafunzi wa mwaka jana walishika bureti mara ngapi. Uliza kama wanafanya majaribio ya chakula, iodini kwa wanga, Benedict kwa sukari. Kituo kisicho na maabara yake kiwe na makubaliano na shule ya jirani. Wakikuambia 'vitendo tutafanya mwezi wa tisa', ondoka.

Nne, jiandae kwa kurudia. Nasema hivi kwa heshima. Wengi wa wanafunzi wangu watu wazima hurudia walau somo moja la sayansi. Kurudia somo moja kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, si aibu, na alama ulizofaulu mwanzo zinabaki zako. Ila kwa hesabu yako ya 45, kurudia kunakula ule mwaka mmoja wa Sista. Ndiyo maana nasema uamue mapema: ukiukosa mlango wa serikali, bado unaitaka kazi hii? Ukijibu ndiyo, anza. Ukisita, bora tuzungumze zaidi kabla hujauza cherehani yako.


FundiWaKihonda

Mwalimu, nimejibu tayari moyoni, ila nitaandika hapa kesho nikishazungumza na baba watoto. Cherehani siuzi.


MzeeKisomo

Vijana wangu hamjambo. Nina miaka sabini na kitu, macho yanasumbua, mjukuu ananisaidia kuandika.

Nawasikia mnazungumza kana kwamba mtu mzima darasani ni jambo geni. Nchi hii iliwahi kujaa watu wazima madarasani. Mwalimu Nyerere, kwenye salamu zake za mwaka mpya, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto tunawasomesha kwa ajili ya kesho, lakini mabadiliko ya leo yanafanywa na watu wazima wa leo. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza la saba, Mwanza, na Mwanza tulikuwa tumeshatangulia, kwa sababu mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulianzia kwetu 1968. Nikawekwa kufundisha kisomo. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima wa pamba wa umri wa baba yangu. Vitabu vyenyewe viliandikwa juu ya pamba, ndizi, ng'ombe. Darasa lilikuwa chini ya mwembe mchana baada ya shamba.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili nchi nzima, wamekaa kwenye vikundi, wanasikiliza, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Tulikuwa na gazeti la vijijini Kanda ya Ziwa linaitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma jana asisahau leo. Sensa ya 1967 ilikuta karibu watu wazima saba katika kumi hawajui kusoma. Kufikia 1986 waliobaki walikuwa kama mmoja katika kumi.

Ninalotaka kumwambia binti yangu ni hili. Wale wazee wangu hawakuwa na haya kukaa mbele ya kijana kama mimi, kwa sababu kila mtu kijijini alikuwa anasoma. Haya huja ukiwa peke yako. Tafuta wenzako wawili watatu wa rika lako hapo Kihonda au Msamvu, wapo, wanajificha kama ulivyokuwa umejificha wewe. Mkae pamoja.


ZamuYaUsiku

Shikamoo mzee. Mama yangu mzazi alijifunza kusoma kwenye hayo madarasa. Alisoma kadi yangu ya kliniki mwenyewe.


MzeeKisomo

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha sana leo.


MkweliDaima

Nimefuata uzi wote. Msimamo wangu kuhusu 45 haujabadilika, ila kuna kitu Sista amesema sikuwa nimekipa uzito, cha astashahada kwanza. Dada, ukiamua, niko Morogoro mjini. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mchepuo wa sayansi, madaftari yake ya Fizikia na Kemia yapo ndani kwenye sanduku. Nakupa bure.

Jambo moja la kuongeza. Kuna mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unalenga kuwafunza zaidi ya watu 137,000 kwa miaka mitano. Uliza ofisi ya mtaa wako vigezo vikoje. Ukikidhi, unakuwa ndani ya sekta huku unasoma. Usipokidhi, hujapoteza kitu kuuliza.


FundiWaKihonda

Wakuu, tumeongea mimi na baba watoto. Tulikaa muda mrefu, tukaandika kama alivyoshauri Baba Junior. Jioni nne ni zake, na mtoto mkubwa anachukua maji na vyombo. Amesema neno moja ambalo sikulitegemea, kwamba aliogopa nikisoma nitamuona si kitu. Tumelimaliza hilo.

Majibu yangu kwa Tichara: ndiyo. Serikali ikinifungia, nitaomba kwenye hospitali za mashirika ya dini, hata nikianza kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nalenga astashahada kwanza, stashahada baadaye. Nikirudia somo, nitarudia. Nimeshamwambia baba watoto kwamba nikivuka 45 hapo katikati nisije nikasikia 'si nilikwambia.'

Leo asubuhi nimekwenda vituo viwili. Cha kwanza walinionyesha kabati lenye chupa tupu, nikaaga. Cha pili wanatumia maabara ya sekondari ya jirani kila Jumamosi, nikaingia nikakuta wanafunzi wanapima asidi na besi kweli. Wapo wanawake wengine wa umri wangu hapo, mmoja muuza samaki, mwingine mke wa mchungaji. Mzee Kisomo, nimekukumbuka.

Kaka Mkweli, madaftari nayahitaji, nitakutumia ujumbe wa pembeni. Swali la mwisho kwa Tichara: usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, nafanya lini, na nimwachie kituo au nifuatilie mwenyewe?


TicharaWaMoli

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari, na muda wa kawaida unaisha mwisho wa Februari. Machi unaingia kwa faini. Usajili unapita kupitia kituo cha mtihani, lakini usimwachie mtu. Hakikisha umepewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe mwenyewe kwa simu au benki, utunze risiti, kisha urudi kuangalia jina lako na masomo yako kama yameandikwa sawa. Nimeona mtu amesoma mwaka mzima, Novemba anakuta Fizikia haimo kwenye orodha yake. Jina lifanane na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, kama kuna tofauti anza kushughulikia RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, wiki hii, maana hiyo ndiyo huchukua muda kuliko yote.

Na Jumamosi ijayo, kama hicho kituo ni kile ninachokidhania, zamu ya maabara ni yangu. Njoo na karatasi za grafu na penseli.